SOMO LA HISTORIA: KISIMA, BOMBA NA NDIVA

Leo tutasoma historia iliyomo ndani ya maneno. Tunamwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: kisima, bomba, ndiva. Yasomeni pamoja mara mbili.

Tuanze na kisima. Neno hili ni la asili yetu. Wakikuyu wa Kenya husema githima. Wachewa wa Malawi husema chitsime. Washona wa Zimbabwe husema tsime. Tazameni jinsi yanavyofanana! Yanatuonyesha kuwa wazee wa makabila haya walikuwa na neno moja kabla ya kutawanyika.

Watu wa Ulaya ya kusini nao wana neno lao moja. Warumi wa kale waliita kisima puteus, yaani shimo lililochimbwa. Kutoka hapo Waitalia wakapata pozzo, Wahispania pozo, Wafaransa puits, na Wareno poço. Wajerumani pia waliliazima, lakini kwao Pfütze sasa ni kidimbwi cha maji ya mvua njiani. Neno husafiri, na maana yake hubadilika safarini.

Sasa nawauliza. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakakaa Mombasa katika ngome yao mpaka mwaka 1698. Walituachia maneno meza, bendera na bomba. Mbona hawakutuachia poço?

Jibu lake ni hili. Watu wa pwani walikuwa na visima vyao tangu zamani. Ukienda Kilwa Kisiwani au Gede, utaona magofu ya misikiti na visima vya mawe, kazi ya watu walioishi huko kabla Mreno hajafika. Mwenye kisima chake ana na jina lake. Lakini bomba, kwa Wareno, ni chombo cha kuvutia maji. Kitu kilikuwa kigeni, nalo jina likaja pamoja nacho. Kwetu maana imepanuka: siku hizi hata mrija unaoleta maji tunauita bomba.

Sasa tuiache pwani, tupande milima ya Upare ya kusini mpaka Chome, chini ya mlima Shengena. Huko wazee walikuwa na neno jingine, ndiva. Ndiva si kisima. Ni bwawa dogo lililojengwa kwa udongo na mawe ili kukinga maji ya kijito.

Kwa nini walijenga bwawa? Kijito kidogo kikiachwa kitiririke mferejini, maji yake hunywewa na ardhi kabla ya kufika shamba la mbali. Basi jioni tundu la ndiva huzibwa, na maji hujaa usiku kucha. Asubuhi huzibuliwa, nayo hutoka kwa nguvu, yakafika mbali. Watu humwagilia kwa zamu. Ndiva nyingi zilianzishwa na koo, na kila mtumiaji alijua kazi yake. Tope likijaa, watu huitwa msaragambo, wakalizoa pamoja.

Hapo ndipo penye fundisho letu. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi, umbali usiozidi mita 400. Nia ilikuwa njema, lakini mwaka 1991 ulipofika lengo lilikuwa bado. Sababu zilikuwa nyingi. Moja ni kwamba mabomba mengi yaliharibika yakaachwa, maana watu waliyaona kuwa ni mali ya Serikali. Sheria ya maji ya mwaka 2009 iliruhusu watumiaji kuunda jumuiya zao za maji. Wazee wa Upare walikwisha kuijua kazi hiyo.

Basi, ndugu wanafunzi, bomba likifika kijijini kwenu lipokeeni kwa furaha, lakini litunzeni kama ndiva. Na ndiva yenyewe msiiache ijae tope, kwani bomba la kunywa halimwagilii shamba la mahindi. Ndiva ikifa, watoto wenu watalisikia neno hilo na kuuliza maana yake.

MASWALI YA MAZUNGUMZO
1. Kwa nini neno poço halikubaki pwani?
2. Kwa nini ndiva huzibwa usiku?
3. Maji ya kijiji chenu hutunzwa na nani? Chombo kikiharibika, nani hukitengeneza?