Nambari moja kwa data yenye sehemu nyingi: Jinsi programu inavyokitambua kituo cha Adams Arcade

ABIRIA anayesimama Adams Arcade, kwenye Barabara ya Ngong jijini Nairobi, hasaidiwi na jina la kituo pekee. Matatu za upande mmoja zaelekea katikati ya jiji, ilhali za upande wa pili zaelekea Dagoretti Corner na kwingineko. Ili aelekezwe sawasawa, ni sharti mambo matatu yatajwe kwa pamoja: kituo, njia na mwelekeo.

Programu za usafiri nazo hukabiliwa na hali iyo hiyo. Mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani pamoja na kampuni ya Groupshot, ulichora njia zaidi ya 130 za matatu baada ya wanafunzi kuziabiri wakiwa na simu zenye GPS. Ramani hiyo ilitolewa mwaka wa 2014, na mwaka uliofuata data yake ikaingizwa katika Google Maps. Data hiyo imepangwa kwa mtindo wa GTFS, ambamo mstari wa ratiba hautambuliwi kwa nambari moja, bali kwa safari na nafasi ya kituo katika safari hiyo. Huo ni ufunguo changamano.

Kuhashi ni kuigeuza data, iwe ndefu au fupi, kuwa nambari moja ya ukubwa maalumu, inayoiongoza programu moja kwa moja hadi kwenye kisanduku kilichohifadhi rekodi. Wazo hilo lilipendekezwa mwaka wa 1953 na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM. Funguo mbili zikiangukia kisanduku kimoja, huo ni mgongano. Mgongano haupotoshi jibu, kwa kuwa programu bado hulinganisha funguo zenyewe; hula muda tu. Hata hivyo, migongano ikizidi, jedwali lililokusudiwa kujibu papo hapo hugeuka foleni ndefu.

Njia ambayo wengi huikimbilia ni kuunganisha sehemu zote ziwe maandishi, kisha kuyahashi. Njia hiyo ina gharama fiche: kila utafutaji huomba nafasi mpya ya kumbukumbu, hunakili herufi, kisha hutupa yote. Pia ina mtego. Bila alama ya kutenganisha, njia ya 11 na kituo cha 1 huzaa "111", sawa na njia ya 1 na kituo cha 11. (Na 111 yenyewe, kama wakazi wajuavyo, ni nambari ya matatu za Ngong.)

Katika lugha zinazopitia kompaila, kama vile C++, Rust na Go, kazi hiyo ya ziada haina sababu. Kompaila hujua mapema rekodi ina sehemu zipi na za aina gani, hivyo yaweza kutoa maagizo ya kuhashi kila sehemu pale ilipo, bila kuunda maandishi yoyote. Go hufanya hivyo yenyewe kwa rekodi zinazolinganishika. Rust huhitaji tamko moja tu juu ya rekodi. C++ ndiyo yenye mkono mgumu: tangu kiwango cha mwaka wa 2011, maktaba yake ina jedwali la hashi lakini haina hashi ya jozi ya vitu viwili, na mwandishi wa programu huachiwa ajitungie.

Hapo ndipo makosa huanzia. Kosa kubwa ni kuchanganya sehemu kwa XOR, operesheni inayobakiza biti zinazotofautiana pekee. XOR haijali mpangilio: safari ya kutoka Adams hadi mjini hupata nambari ile ile ya safari ya kurudi. Vituo vikiwa 4,000, vilivyopewa nambari 0 hadi 3,999, jozi zake ni milioni 16, lakini XOR haitoi zaidi ya majibu 4,096. Kuzidisha sehemu ya kwanza kwa 31 na kuongeza ya pili, desturi iliyozoeleka katika Java, huheshimu mpangilio, lakini kwa nambari ndogo kama hizo majibu hayafiki 128,000.

Lililo bora kwa nambari ndogo ni kuzipanga kandokando ndani ya biti 64: kituo cha kutoka biti za juu, cha kufikia biti za chini. Hapo hakuna jozi mbili zinazofanana. Lakini kazi haijaisha, kwani majedwali mengi hutazama biti za chini tu, na hivyo yangeona kituo cha mwisho pekee. Kwa hiyo nambari hiyo huzidishwa kwa nambari kubwa isiyogawika kwa mbili, kisha huchukuliwa biti za juu za jibu. Kuzidisha mara moja ni kazi nyepesi mno kwa prosesa ya leo.

Hatari kubwa kuliko migongano ni kuhashi baiti zote za rekodi kama zilivyo katika kumbukumbu. Kompaila huacha mianya kati ya sehemu, na yaliyomo katika mianya hiyo hayana uhakika. Rekodi mbili zilizo sawa zaweza kupata hashi tofauti, na programu ikasema kituo hakipo ilhali kimo. Nambari za desimali nazo zina hila yake: sufuri na sufuri hasi huhesabiwa kuwa sawa, lakini biti zake si sawa. Kwa ramani ya nchi ambayo ikweta yaipitia karibu na Nanyuki, hilo si jambo la kubuni. Heri kuhashi nambari ya kituo kuliko latitudo yake.

Kuna pia suala la usalama. Mnamo Desemba 2011, kwenye kongamano mjini Berlin, watafiti walionyesha jinsi seva za PHP, Java na lugha nyingine zingeweza kulemazwa kwa kutumiwa funguo zilizochaguliwa makusudi ili zigongane. Mwaka wa 2012 Jean-Philippe Aumasson na Daniel J. Bernstein walichapisha SipHash, inayotumia ufunguo wa siri. Rust huitumia isipoagizwa vinginevyo. Ni ya polepole kidogo kuliko kuzidisha kwa kawaida. Kwa hiyo ratiba iliyofungiwa ndani ya simu ya abiria yaweza kutumia njia nyepesi, lakini seva inayopokea maombi kutoka kwa yeyote yule haina budi kulipa gharama hiyo.