Earl Young na Nyumba za Uyoga: Msanifu au Mwashi?

Katika somo la tafsiri muhula huu, wanafunzi wetu walikwama kwenye neno moja. Makala waliyopewa ilimhusu Earl Young (1889–1975), mjenzi wa mji mdogo wa Charlevoix, jimbo la Michigan, Marekani. Je, tumwite msanifu majengo, mwashi, au fundi tu? Kabla ya kujibu, hatuna budi kuitazama historia yake.

Young alisoma usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Michigan kwa muda wa mwaka mmoja hivi, kisha akaacha. Hakuvutiwa na mitindo ya kale iliyofundishwa huko. Alirudi Charlevoix, akafanya biashara ya ardhi na nyumba, na hakuwahi kusajiliwa kama msanifu. Hata hivyo, mwaka 1924 alinunua eneo kubwa kando ya Ziwa Michigan, akaligawa viwanja na kuanza kujenga.

Utaratibu wake ulikuwa wa kinyume. Wengine huchora ramani kwanza, ndipo watafute mawe. Yeye alianza na jiwe na kiwanja, nyumba ikafuata. Majabali yaliyoachwa huko na mito ya barafu ya zama za kale aliyapenda mno, hata mengine akayafukia ardhini au kuyazamisha ziwani, akayarudia baada ya miaka mingi. Katika mkahawa alioujenga mwaka 1954, jiwe kuu la meko lina uzito wa tani 9. Mapaa yake ya vigae vya mbao yalipinda kama mawimbi, na kuta zilikaa chini kana kwamba zimeota penyewe. Ndiyo maana watu wakaziita nyumba za uyoga.

Sasa turudi kwenye neno letu. Mwashi hutokana na kitenzi aka, yaani kujenga kwa mawe. Lakini Young alibuni na kusimamia. Waliobeba na kupanga mawe hayo ni wengine. Kwa hiyo, kwa maana ya kazi, yeye ni msanifu, ingawa sheria haikumpa cheo hicho. Tumependekeza "msanifu majengo asiyesajiliwa". Ni neno refu, lakini halidanganyi.

Aidha, mjadala huo ulitufunza jambo ambalo hatukulitarajia. Mwanafunzi mmoja aliuliza: "Na waashi wenyewe je?" Watalii wanaozitazama nyumba hizo leo hulitaja jina moja tu. Vivyo hivyo, tunayasifu magofu ya Kilwa na Gedi, lakini majina ya walioyaaka hatunayo. Tukimpa Young cheo chake, basi tusiifute kazi ya mwashi kwa kulitafsiri kila neno kuwa "mjenzi". Kiswahili kimetupa maneno yote mawili, tuyatumie.