Yai Moja, Vita Viwili: Historia ya Uzazi na Kinga ya Mbu

Mbu jike wa jenasi ya Anopheles akishashiba damu ya mtu, mwilini mwake huanza kazi mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni ya uzazi: tishu za mafuta hutengeneza kwa wingi protini za kiini cha yai na kuzimimina katika damu yake mwenyewe, ambayo si nyekundu, ili ziende kulisha mayai. Ya pili ni ya kujihami. Ikiwa damu aliyoinyonya ilitoka kwa mgonjwa wa malaria, vimelea hutoboa ukuta wa utumbo wake, na ng'ambo ya pili hukutana na protini za kinga. Kazi zote mbili hupamba moto takriban saa 24 baada ya mlo. Kukutana kwa kazi hizo mbili si jambo dogo, na sayansi ilihitaji zaidi ya karne moja kulitambua.

Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, India, daktari Mwingereza Ronald Ross alipasua mbu na kuona vimelea vya malaria kwenye ukuta wa tumbo lake. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Lakini baada ya hapo mbu alihesabiwa kuwa msafirishaji tu. Kwamba naye ni mnyama anayeugua, anayepambana na vimelea na kuviua vingi kabla havijamfikia binadamu, ni wazo lililosubiri sana.

Waliofungua mlango upande wa uzazi walikuwa wataalamu wa wadudu wa Kisovieti. Polovodova na Detinova walionyesha kwamba ovari za mbu hutunza kumbukumbu: mayai yakishakomaa mara ya kwanza, mirija midogo ya hewa iliyojisokota juu ya ovari hunyooka na haijisokoti tena, na kila mzunguko wa uzazi huacha kifundo kidogo kwenye vijiriba vya mayai. Kwa hiyo mtu mwenye darubini na mkono mtulivu aliweza kusema kama mbu fulani amewahi kutaga, hata ametaga mara ngapi.

Mbinu hiyo ilifika Tanzania mapema. Katika taasisi ya utafiti wa malaria ya Amani, kwenye milima ya Usambara, Mick Gillies na mwenzake Wilkes waliwachunguza mbu wa Anopheles gambiae na Anopheles funestus wa kaskazini mashariki mwa nchi, wakachapisha matokeo yao mwaka 1965. Kazi hiyo ilikuwa ya subira kubwa, kwani ovari ya mbu hupasuliwa moja moja kwa sindano nyembamba. Uzito wake uko hapa: kimelea cha Plasmodium falciparum huhitaji kama siku 10 hadi 14 ndani ya mbu kabla hakijaweza kuambukiza, na mbu hutaga kila baada ya siku mbili au tatu. Hivyo mbu anayeambukiza ni mama aliyekwisha kuzaa mara kadhaa. Katika maabara ya Amani uzazi ukawa kipimo cha hatari, ingawa hakuna aliyekuwa akiuliza bado uzazi wenyewe unaifanyia nini kinga ya mbu.

Kinga ya wadudu ilikuwa na safari yake. Mwaka 1972, nchini Sweden, Hans Boman na wenzake walieleza jinsi inzi wa matunda aliyechanjwa kwa bakteria anavyojijengea ulinzi. Mwaka 1981 kundi la Boman likatangaza sekropini, protini fupi za kuua bakteria zilizotoka kwa nondo. Halafu likaja jambo la kushangaza. Jeni iitwayo Toll, iliyofahamika kwanza kwa kuwa inzi mama huitumia kuamua wapi patakuwa mgongo na wapi tumbo la kiinitete, ilionekana mwaka 1996 katika maabara ya Jules Hoffmann, Strasbourg, Ufaransa, ikimlinda inzi mzima dhidi ya kuvu. Hoffmann alipata Nobel mwaka 2011. Ikawa wazi kwamba mwili wa mdudu haukuchora mpaka kati ya kujenga mtoto na kupigana na ugonjwa.

Je, kazi hizo mbili zinaweza kunyang'anyana? Mwaka 2002, katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, Jens Rolff na Michael Siva-Jothy waliwapima mbawakawa wa unga kabla na baada ya kujamiiana. Baada ya tendo hilo, kimeng'enya kinachosaidia kuwafunga wavamizi ndani ya gamba jeusi kilipungua, na homoni ya ujana ndiyo iliyokuwa ikikishusha. Miaka kumi baadaye watafiti wa Cornell, Marekani, walionyesha kwamba inzi jike wa matunda hudhoofika mbele ya maambukizi akishapandwa, lakini jike asiye na uwezo wa kutengeneza mayai hapati udhaifu huo.

Sheria hiyo haiwabani wadudu wote. Kunguni dume humtoboa jike tumboni na kumwaga mbegu ndani ya mwili, jambo linaloweza kuingiza vijidudu. Jike naye ana kiungo maalumu mahali pale pale anapotobolewa, kimejaa chembe za kinga, na jaribio lililochapishwa mwaka 2003 lilithibitisha kwamba kinapunguza madhara ya vijidudu hivyo. Huyu ameshaimarisha ulinzi kwa sababu ya uzazi wenyewe.

Kwa mbu, hesabu ilianza kufanywa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, ambako kundi la Hilary Hurd lilichochea kinga ya Anopheles gambiae bila kumpa ugonjwa. Mbu hao walitoa mayai machache. Kinga ililipwa kwa mayai. Swali la pili lilikuwa kama mayai nayo hulipwa kwa kinga, na jibu lilitoka Strasbourg mwaka 2010, katika utafiti ulioongozwa na Mkenya Martin Rono. Walitumia Plasmodium berghei, kimelea cha panya kilichogunduliwa Katanga, Kongo, mwaka 1948. Walipozuia protini ya kiini cha yai isitengenezwe, protini ya kinga iitwayo TEP1 ilivishika vimelea kwa urahisi zaidi, na vingi vikafa. Kwa maneno mengine, mbu anapoandaa mayai yake, silaha yake bora hupungukiwa makali saa ile ile kimelea kinapovuka utumbo.

Mtu angedhani basi dawa ni kuwanyima mbu mayai. Mwaka 2019 kundi la Flaminia Catteruccia la Harvard lilionyesha kwamba mambo si mepesi hivyo. Walipovuruga homoni inayokomaza mayai, vimelea vya falciparum vilipungua kwa idadi, lakini vilivyobaki vilikua upesi na kuwa tayari kuambukiza mapema, kwa kuwa vilikula mafuta ambayo mayai hayakuyatumia. Hili ndilo funzo ninaloliona kuwa zito kuliko yote katika historia hii: anayetaka kuingilia uzazi wa mbu lazima apime pia kasi ya kimelea, la sivyo anaweza kufunga dirisha na kufungua mlango.

Mengi ya haya yalipimwa kwa mbu waliofugwa maabara. Kimelea cha panya kinahitaji mbu wakae kwenye baridi ya nyuzi joto kama 20, ilhali mbu wa Tanga au Kilifi anaishi kwenye joto zaidi ya hapo, na chakula anachokipata hakifanani na cha kizimbani. Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wengi wao watoto wa Afrika wasiofikia miaka mitano. Serikali za Afrika Mashariki zinao wataalamu Muheza, Kilifi na Ifakara wanaoweza kuyapima haya kwa mbu wa mwituni na kimelea cha binadamu. Ziwape fedha za kudumu waifanye kazi hiyo.