Neno Adhabu na Neno Kiboko

Neno hili adhabu twalisikia kila siku shuleni na barazani, na wengi wetu hapa Babati twadhani maana yake ni moja tu, yaani malipo ya kosa. Sivyo. Neno limetoka katika Kiarabu, na huko ni maumivu makali, yawe yameamriwa na hakimu au yasiwe. Watu wa pwani husema, "Tumepata adhabu njiani," wala hakuna aliyewahukumu. Mvua imenyesha, basi. Mgonjwa wa siku nyingi huadhibika kitandani, wala hana hatia.

Lakini huku bara Wagorowa, Wairaqw na Warangi wana lugha zao, na Kiswahili kiliwafikia wengi kwa njia ya shule na boma. Basi neno lilikuja limeshika fimbo. Mtu wa huku akisikia kwamba fulani anaadhibika kwa ugonjwa, huuliza moyoni: amefanya nini? Hivyo mgonjwa huumia mara mbili, kwa mwili na kwa jina lake. Kwa mtu wa namna hiyo twaona heri kusema mateso, au taabu, neno ambalo katika Kiarabu ni uchovu tu. (Adha, lisemwalo kwa maudhi, si ndugu wa adhabu. Herufi zao za kwanza katika Kiarabu ni mbalimbali, ila Kiswahili hakizipambanui.)

Fimbo yenyewe ina jina la mnyama wetu. Ziwa Babati lina viboko, na ngozi ya kiboko ndiyo iliyokatwa mijeledi, nayo ikarithi jina. Katika utawala wa Wadachi, amri ya Chansela ya Aprili 1896 iliweka mpaka: mapigo yasizidi 25 kwa mara moja, na yakigawanywa mara mbili zipite wiki mbili katikati, wanawake, Waarabu na Wahindi wasipigwe. Mwafrika mwanamume alibaki peke yake chini ya mjeledi, na hesabu yenyewe, hamsa ishirini, ikawa jina la utawala ule vinywani mwa watu.

Ngozi imekwisha kusahauliwa. Kanuni za shule za 2002 zataja fimbo nyepesi, na mapigo yasiyozidi manne, nasi twaviita viboko vilevile. Sarufi peke yake ndiyo ipambanuayo: viboko wanne wako ziwani, viboko vinne viko mkononi mwa mtoto.