Nanda Devi: Mlima wa India na Walowezi wa Kenya

Tukitajiwa Himalaya, wengi wetu tunakumbuka Everest, na hapo tunaishia. Safari hii tunautazama Nanda Devi, mlima wa India wenye urefu wa mita 7,816, kwa kuwa historia ya kupandwa kwake inapitia mashamba ya kahawa ya Kenya.

Mlima huu haukulindwa na urefu wake tu. Umezungukwa na duara la milima mirefu, na mlango wake ni korongo la mto Rishi Ganga. Wazungu kadhaa walijaribu kuingia wakashindwa, mpaka mwaka 1934 walipopenya Waingereza wawili, Eric Shipton na Bill Tilman. Hawa walijuana Kenya, wakiwa walowezi wa kahawa. Mwaka 1930 waliupanda Mlima Kenya kwa ukingo wa magharibi, na mwaka 1932 wakaenda Ruwenzori. Walipendelea kusafiri wachache na kwa mizigo midogo, tofauti na misafara mikubwa ya Everest ya wakati ule.

Hata hivyo, korongoni hawakuwa wawili. Walikuwa watano: Washerpa Ang Tharkay, Pasang na Kusang walibeba mizigo na kutafuta njia pamoja nao.

Tarehe 29 Agosti 1936, Tilman na Noel Odell walifika kileleni. Nafasi ya Tilman ilikuwa ya Mmarekani Charles Houston, aliyeugua baada ya kula nyama ya kopo iliyoharibika. Hadi Annapurna ulipopandwa mwaka 1950, binadamu hakuwa amefika kilele kirefu zaidi. Katika safari hiyohiyo Msherpa Kitar aliugua akafariki. Kifo chake hakitajwi sana kama kilele.

Kwa wenyeji wa Garhwal, Nanda Devi ni mungu wa kike, waliyemwabudu kabla ya mgeni yeyote kufika. Mwaka 1982 eneo hilo lilifanywa hifadhi ya taifa, kisha likafungwa. Mazingira yalipata nafuu, lakini wanakijiji wa Lata walipoteza malisho na kazi ya upagazi.

Sisi tuliofundishwa kwamba Rebmann "aligundua" Kilimanjaro mwaka 1848 tunalijua vizuri neno hilo. Rebmann aliongozwa na Bwana Kheri, na Wachaga walikuwa wakiishi mlimani. Kwa hiyo tukisoma kwamba mlima "umefunguliwa", tuulize: ulikuwa umefungwa kwa nani, na nani alibeba mzigo?