Kabureta ya Guka: Gari Hufa Lini?

Jumamosi iliyopita niliamka saa kumi na moja asubuhi kutafuta kitu ambacho wengi wenu hamjawahi kukishika: kabureta ya Peugeot 504. Ndiyo, ile Pijo. Guka alibeba abiria nayo kati ya Nakuru na Nairobi, akasomesha watoto watano, halafu akaiegesha nyuma ya nyumba huko Njoro. Guka alipofariki, mzee wangu akasema iuzwe skrapu, na mnunuzi wa vyuma akaja na mizani kabisa. Nikaomba mwezi mmoja.

"Ikiwaka, ibaki. Isipowaka, iende," mzee akasema. Mimi ndiye yule aliyeacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo ahadi zangu pale nyumbani hazina bei.

Kuna nchi zilizo na siku maalum za kutafuta spea za magari ya zamani. Marekani, watu hukutana Hershey, Pennsylvania, kila vuli tangu 1955. Uingereza kuna Beaulieu tangu 1967. Mtu anatandika turubai uwanjani, anamwaga taa, rimu na vipande vya injini, mnapigana bei mpaka jioni. Sisi tuna Concours d'Elegance pale Ngong, kwenye uwanja wa mbio za farasi, tangu 1970. Lakini pale gari huenda likiwa tayari limeng'arishwa, na majaji wanalikagua hadi chini. Sisi wenye gari lisilowaka, soko letu liko wazi kila siku na linaitwa Grogan.

Kwa ramani ni Barabara ya Kirinyaga. Grogan ni jina la mlowezi, Ewart Grogan, aliyepata umaarufu kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo. Ni huyo huyo aliyewachapa viboko Wakikuyu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, 1907. Jina lake lilitolewa kwenye kibao, lakini mdomoni mwetu halijatoka. Siku hizi ukisema Grogan, mtu anafikiria spea tu, na ule utani kwamba kioo chako kikiibwa usiku, asubuhi utauziwa hapo.

Duka la kwanza walinicheka. "Kijana, hapa ni Vitz na Probox." La pili wakaniuliza nilizaliwa mwaka gani. La tatu, jamaa akanionyesha kichochoro: "Enda uulize yule mzee ako na ovaroli ya bluu."

Mzee hakusalimia kwa haraka. Aliuliza, "Ni saluni ama stesheni wageni? Injini ni 1800 ama 2000? Kabureta ilikuwa Solex gani?" Sikujua hata moja. Nikampigia shosho, akatoka na tochi kusoma namba iliyochongwa. Mzee akatabasamu kidogo. "Hapo sasa tunaongea."

Huku akichakura kwenye mikebe ya Kimbo iliyojaa skrubu na jeti, alinieleza kwa nini nchi hii ilipenda Pijo. Nilipofika nyumbani nikasoma zaidi, na mzee hakuwa ananipiga stori.

Yote yanaanza na Safari Rally. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 pekee, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404. Gari hilo lilishinda tena 1966, 1967 na 1968. Halafu 504, iliyotoka 1968 na kuwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, ikashinda Safari 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Hayo ndiyo yalikuwa matangazo. Kama gari limevuka matope na vumbi la Safari, litashindwa na barabara ya kwenu?

Pili, mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila ile leseni ya uchukuzi iliyokuwa ikiwabana. Stesheni wageni ya 504 ilikuwa na safu tatu za viti na springi zinazomeza mashimo. Watu kama guka waliona kazi hapo.

Tatu, na hili lilinishtua, Pijo nyingi ziliunganishwa hapa hapa nchini, Mombasa. Kwa hivyo fundi wa Kenya alilijua gari hili tangu likiwa vipande.

Halafu miaka ya tisini ikafika. Serikali ikafungua milango ya uagizaji, magari ya mitumba kutoka Japani yakajaa, viwanda vya kuunganisha vikakonda. Siwezi kulaumu, mitumba ndiyo iliyowapa wazazi wetu wengi gari la kwanza. Lakini kuna sheria nyingine: gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia nchini. Fikiria maana yake. Mwananchi wa kawaida hawezi kuagiza 504 nyingine kutoka nje. Zilizobaki ndizo hizo. Kila moja inayopandishwa kwenye mizani ya skrapu ni moja iliyotoka kabisa.

Tena vyuma si tatizo kubwa, maana chuma kinaweza kuchongwa Kariobangi. Kinachoisha ni watu. Nilimuuliza mzee nani atachukua kibanda akistaafu. "Hakuna. Vijana wanataka gari ya kuchomeka kompyuta ikwambie inaumwa wapi. Hii lazima uisikize."

Alipata kabureta, imechafuka kama sufuria ya chang'aa. Akaitisha 6,500, tukashuka hadi 4,000. Nikatoa pesa, akakataa kunipa. "Kwanza uifungue yote, uioshe, uirudishe. Ukishindwa, umekata hela bure." Nilikaa pale masaa matatu nikinuka petroli. Mara mbili nilibakisha kipande mezani, na mara mbili alinyamaza tu akanisukumia bisibisi.

Gari bado halijawaka. Betri imekufa, tangi lina kutu, na nimebakisha wiki mbili na siku moja. Huenda mnunuzi wa skrapu akashinda.

Lakini kama kwenu kuna gari limefunikwa na turubai, usingoje mazishi ndipo uulize. Uliza sasa lilinunuliwa na nani, lilibeba nani, fundi wake yuko wapi. Andika namba ya injini. Mimi ilibidi shosho atoke na tochi.

Mzee ameniambia nirudi Jumamosi na ovaroli yangu mwenyewe. Nimeshainunua, Gikomba, mia tatu hamsini.