Manowari bila mizinga

Manowari ni neno tulilolitohoa kutoka jina ambalo Waingereza walizipa meli zao za vita. Kamusi zinatosheka na hapo. Kisumu, hata hivyo, inalisumbua kidogo. Meli zake za ziwani, kama Winifred na Usoga, zilikuwa za abiria na mizigo. Vita vya Kwanza vilipozuka zikafungwa mizinga, na Juni 1915 askari wakapanda meli Kisumu kwenda kuishambulia Bukoba, wakati huo mikononi mwa Wajerumani. Zilikuwa manowari? Kwa umbo, hapana. Mimi naangalia kazi, nasema ndiyo.

Kwa kipimo hicho, meli inayozihudumia nyambizi kwa mafuta, chakula na matengenezo ni manowari pia, na wanamaji wazee walioitumikia wajisifu bila haya, hata kama hawakufyatua kombora. MV Uhuru II je, iliyoundwa papa hapa Kisumu na karakana iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi? Ina nasaba ya kijeshi, lakini hubeba mafuta ya biashara. Hiyo ni meli tu.

Na wingi wa neno lenyewe: manowari hizi. “Mamanowari” tuwaachie watoto.